Ngoma ya Watoto Haikeshi: Walimu wa Ngoma kutoka Usambara hadi Bagamoyo

Wahenga walinena kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kukejeli jambo lililoanzwa kwa vishindo na watu wasio na uzoefu, likafifia kabla ya alfajiri. Lakini ikitazamwa kwa makini, inasema neno kubwa juu ya ngoma yenyewe. Watoto wana nguvu kuliko wazee, na miguu yao ni miepesi. Kinachowashinda kukesha si uchovu, bali ni kutojua kinachofuata. Wimbo wa kwanza wanao, pengine na wa pili. Wa tatu hawana, kwa sababu hapana aliyewapokeza. Ajuaye lini mwendo ubadilishwe, lini wachezaji wapumzishwe, na wimbo upi ufunguliwe jogoo wa kwanza anapowika, huyo ndiye mwalimu. Kwa hiyo historia ya ngoma yoyote ni historia ya walimu wake. Katika Tanzania historia hiyo yaweza kufuatwa kutoka milima ya Usambara hadi ufukwe wa Bagamoyo, nayo haijafika mwisho.

Watawala wa Ulaya walilitambua jambo hili mapema, na hilo ndilo lililoihifadhi baleti, ngoma iliyolelewa katika majumba ya wafalme. Mwaka 1661 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliunda chuo cha ngoma mjini Paris, akakiweka mikononi mwa mabingwa 13. Kazi waliyopewa mabingwa hao haikuwa kucheza mbele ya watu. Ilikuwa kusahihisha uchezaji, na kuwapima wale waliotaka kufundisha. Karne mbili na nusu baadaye, Agrippina Vaganova wa Urusi aliacha jukwaa, akaingia darasani, na mwaka 1934 akachapisha kitabu cha kanuni za ufundishaji wa baleti ambacho kimewaongoza walimu wa nchi nyingi. Mjini London, chama kilichoundwa mwaka 1920, ambacho sasa huitwa Royal Academy of Dance, kilianza kwa kusudi moja: kuinua kiwango cha walimu na kuwatahini. Ndiyo maana maisha ya mchezaji wa baleti yana nusu mbili. Katika nusu ya kwanza hutumia miguu. Miguu ikikoma kazi, angali mtu wa makamo, huanza kutumia macho, akawatazama wengine na kuwanyoosha. Mwanafunzi wa leo aweza kumtaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, mpaka silsila ikafika mbali, kama mwanachuoni wa pwani anavyotaja alikopokea elimu yake.

Pwani ya Waswahili na visiwa vyake havikukosa walimu wa namna hiyo. Viliwapa majina mengine tu. Palikuwa na manju, bingwa wa nyimbo na ngoma, ambaye bila yeye uwanja haukuchangamka. Palikuwa na somo na kungwi, walioshikishwa mkono wa mwari ili wamfunze mambo ya utu uzima, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilipita katika nyimbo na miondoko ya unyago. Palikuwa na viongozi wa lelemama, ngoma ya wanawake iliyokuwa na vyama vyake, mashindano yake na vyeo vyake. Uwezo wa viongozi hao haukuishia uwanjani. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha wanawake mjini Dar es Salaam kabla hajawa sauti ya wanawake wa TANU katika miaka ya 1950. Na vyama vya ngoma ndivyo vilivyokuwa njia ya kuwafikia wanawake hao.

Unguja, mfano ulio wazi zaidi ni wa Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude. Wageni walimshangilia kwa taarab, na mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Lakini kwa wanawake wengi wa Unguja alikuwa kwanza mwalimu wa unyago, mwenye ngoma yake na wari wake. Alipofariki mwezi Aprili mwaka 2013, magazeti ya dunia yaliandika kwamba mwimbaji amekufa. Visiwani ilijulikana kwamba amekufa mwalimu.

Mafunzo ya walimu wa aina hii hayakuwa na karatasi. Mwanafunzi alimfuata mkubwa wake miaka mingi, akabeba ngoma, akaitikia, akapewa ubeti mmoja auongoze, akikosea akanyamazishwa mbele ya watu. Malipo yalikuwa kanga, mchele, fedha kidogo na heshima. Mtihani ulikuwa uwanja wenyewe, na watahini walikuwa wale waliokuja kucheza. Asiyejua hakuitwa tena.

Milimani nako hali ilikuwa hivyo hivyo. Ajuaye njia ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto anajua jinsi joto la tambarare linavyoachwa nyuma, zikaja baridi, migomba na mashamba ya mteremkoni. Huko Wasambaa walikuwa na utawala wa Wakilindi, ukoo wa Mbegha, makao yake makuu yakiwa Vuga; na katika karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala eneo lililovuka milima hiyo na kuelekea pwani. Pwani na milima havikuwa vitu viwili visivyojuana. Kitabu kikuu cha Kiswahili juu ya utawala huo, Habari za Wakilindi, kiliandikwa na mtu wa pwani, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, na kilichapwa na misheni ya Magila, chini ya milima hiyo hiyo.

Katika nchi ya Wasambaa, kama kwa majirani zao Wabondei na Wazigua, ngoma haikuwa somo la peke yake. Ilikuwa ndani ya jando na mafunzo ya wasichana, ndani ya arusi, mavuno na matambiko. Aliyewafunza vijana kucheza ndiye aliyewafunza kusalimu, kunyamaza mbele ya wakubwa, na kufahamu fumbo lililofichwa katika wimbo. Mdumange, ngoma ambayo hutajwa kila zinapotajwa ngoma za Usambara, ilikuwa na wajuzi wake waliotambuliwa na watu wao, bila ya mtu yeyote kuwapa cheti.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo chao Mlalo. Baada ya muda mfupi serikali ya Wajerumani ilijenga mji wake Lushoto, ikauita Wilhelmstal. Ndipo neno mwalimu lilipoanza kubadilika. Mwalimu mpya alikuwa na kitabu, ubao na kengele, na alilipwa mshahara. Ngoma za usiku, pamoja na jando na matambiko yaliyofungamana nazo, zilionekana na wamisionari kuwa adui wa imani, na waumini walitakiwa wajitenge nazo. Mahali pake zikawekwa kwaya na tarumbeta. Haki haina budi kutendeka: kwaya zilizaa watunzi na waimbaji hodari, na mpaka leo milima hiyo huimba vizuri. Walakini tangu hapo pakawa na walimu wawili katika kijiji kimoja. Mmoja alikuwa na cheti, na mwingine alikuwa na ngoma. Serikali ya kikoloni ilimjua wa kwanza kwa jina. Wa pili ilimjua alipokuja kuomba kibali cha kupiga ngoma.

Uhuru ulikuja na ahadi ya kuwapatanisha walimu hao wawili. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba hiyo aliwasuta wasomi wa wakati ule waliojivunia kucheza waltz na rumba ilhali hawakujua, au hata hawakuwahi kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba ngoma ya wanawake wa pwani ilitajwa siku hiyo pamoja na ngoma za bara, zote zikihesabiwa kuwa mali ya taifa moja.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru likaundwa kundi la ngoma la taifa. Wachezaji na wapigaji walikusanywa kutoka mikoani, wakaishi pamoja, na hapo likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mpango namna ile: Mgogo alijifunza ngoma ya Mmakonde, na Mmakonde akajifunza ya Msukuma. Kila mmoja alikuwa mwalimu wa kwao na mwanafunzi wa kwingine. Mwaka 1965 vijana walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarejea mwaka 1969, wakawa kundi la sarakasi la taifa. Baadaye likaja kundi la maigizo.

Miongoni mwa waliokusanywa alikuwamo Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Hakuja na shahada. Alikuja na marimba ya vidole, zeze, na sauti iliyoweza kupanda na kushuka kama njia ya mlimani. Watu wa aina yake ndio waliokuwa nguzo ya makundi hayo.

Ngoma, hata hivyo, haihamishwi kutoka uwanjani hadi jukwaani bila ya kupungukiwa. Uwanjani hapana mtazamaji aliyeketi mbele. Watu huzunguka, huingia na kutoka. Jukwaani wachezaji walipangwa mistari, nyuso zikawaelekea watu, na ngoma ya usiku kucha ikakatwa ikawa ya dakika chache. Sindimba ya Wamakonde, iliyopata kuwa mashuhuri kuliko zote, ilizua mabishano makali juu ya mzunguko wa viuno: wengine waliona aibu, wengine wakaona kwamba aibu hiyo imeletwa na jukwaa, kwa kuwa kitu kilichokuwa na mahali pake na watu wake kimeondolewa mahali pake na watu wake. Swali lililofichika chini ya ubishi huo lilikuwa la mwalimu. Nani ana haki ya kusema kwamba mwondoko huu ni sawa na ule si sawa: ofisa wa wizara, mpangaji wa jukwaa, au kungwi wa Newala?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwishaanza kufundisha sanaa za maonyesho tangu mwaka 1967, na humo wakapita akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walioandika na kufundisha wakitumia ngoma, hadithi na majigambo ya kienyeji katika tamthilia. Lakini hatua kubwa kwa walimu wa ngoma ilikuja mwaka 1981. Makundi ya taifa yalikuwa yamevunjwa, na mahali pake kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Wasanii wa makundi hayo, waliokuwa wakishangiliwa jukwaani, wakawa walimu. Zawose alikuwa mmoja wao.

Kwa ufupi, Tanzania ilifanya kwa uamuzi mmoja kile ambacho baleti ilikifanya kwa karne tatu: iliwaondoa wachezaji jukwaani, ikawaweka darasani, ikawaambia wapokeze. Mwanafunzi alitakiwa ajifunze ngoma za makabila mengi, upigaji wa vyombo, uigizaji na ufundi wa jukwaa. Walimu wenyewe hawakuacha kucheza. Waliunda kundi la Bagamoyo Players, na tamasha la kila mwaka la chuo, lililoanza mwaka 1982, likawapa wanafunzi na walimu uwanja mmoja. Ukumbi wa chuo ulipoteketea kwa moto mwaka 2002, mafunzo hayakusita. Ulijengwa upya baadaye. Mwaka 2007 chuo kikageuzwa wakala wa serikali, kikaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa.

Wahitimu walitawanyika. Baadhi walikuwa maofisa utamaduni katika wilaya, wengine walimu wa shule na vyuo. Wengine waliingia katika vikundi vya Dar es Salaam, kama vile Muungano, kilichoanzishwa na Norbert Chenga mwaka 1980, na TOT, kilichozaliwa mwaka 1992, ambamo usiku mmoja ulichanganya ngoma, sarakasi, maigizo na taarab. Hoteli za kitalii ziliwachukua wengine, na wachache walikwenda kufundisha Ulaya. Huko Ulaya, mwalimu wa ngoma kutoka Bagamoyo aliweza kuheshimiwa kwa kazi ambayo nyumbani bado iliitwa mchezo. Unguja nako, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikawapa mafundi wa taarab, kidumbak na ngoma wanafunzi na ratiba.

Hapa ndipo penye jambo linalostahili kufikiriwa. Kizazi cha kwanza cha walimu wa Bagamoyo kilikuwa cha watu waliofuzu uwanjani. Chuo hakikuwaumba, wao ndio waliokiumba chuo. Waliowafuata walifuzu chuoni. Zawose alifariki mwezi Desemba mwaka 2003, na wengi wa rika lake wamekwisha mfuata. Utumishi wa umma hupima cheti, na hauna mizani ya kupimia kile alichokuwa nacho Zawose siku alipoingia Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba mlango ulioingiza mabingwa wa kwanza umefungwa nyuma yao. Bingwa mwingine kama yeye, akitokea leo kijijini, ataweza kualikwa kutumbuiza, akapewa nauli na posho. Kuajiriwa kufundisha ni jambo jingine.

Irudiwe sasa Lushoto. Tangu miaka ya 1990, mpango wa utalii wa kitamaduni ulioanza kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV umewapeleka wageni wengi katika vijiji vya Usambara, na ngoma imekuwa sehemu ya makaribisho. Mdumange huchezwa pia mbali na milima, na vijana ambao hawajapata kuikanyaga ardhi ya Mtae wala Mlalo. Si vibaya, ngoma isiyosafiri hufia nyumbani. Lakini mwanafunzi anayeipokea kwa majuma machache huipata miguu yake, asiyapate maneno yake. Nyimbo ni za Kisambaa, zina mafumbo, na fumbo halifumbuliwi kwa kuhesabu hatua. Wapenzi wa ushairi wanalijua hili kuliko wengine: aliyehifadhi mizani bila ya maana amehifadhi nusu ya shairi, na nusu ya chini.

Majirani wamekwisha kuonja hasara hii. Mwaka 2014 Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi ya Kenya, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma ile ilikuwa ingali ikichezwa. Kilichopungua ni wa kupokeza na wa kupokezwa. Japani iliweka sheria mwaka 1950, na kwa sheria hiyo serikali humtambua bingwa wa sanaa ya jadi kwa jina, ikamlipa ili afundishe. Haimtaki apeleke cheti. Humtaka awe na mwanafunzi.

Kenya hiyo hiyo inatoa mfano mwingine, na huu ni wa baleti. Katika vichochoro vya Kibera, Nairobi, Mike Wamaya alifundisha baleti watoto wasiokuwa na viatu vya kuchezea, katika darasa lililoondolewa madawati. Mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu 10 waliofika hatua ya mwisho ya tuzo ya mwalimu bora wa dunia. Baleti haikuota Kibera kwa sababu damu ya mahali pale inaijua. Ilimea kwa sababu alipatikana mwalimu. Hoja hiyo ina makali ya pande mbili: ikiwa ngoma ya wafalme wa Ufaransa yaweza kumea Kibera kwa sababu ina walimu, basi mdumange waweza kunyauka Lushoto kwenyewe, kwenye udongo wake, kwa kukosa walimu. Ni kosa kudhani kwamba mtoto wa Kisambaa atacheza mdumange kwa kuwa ni Msambaa. Damu haifundishi kucheza.

Mtaala wa shule za msingi ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024 umeipa sanaa na michezo nafasi katika ratiba ya mtoto. Ni habari njema, na inahitaji walimu. Mwalimu wa Lushoto atakayepangiwa somo hilo pengine atakuwa ametoka Mtwara au Kagera, na mwaka unaofuata aweza kuhamishwa. Cheti anacho. Chini ya shule yake, mahali fulani kando ya njia ya shamba, yupo bibi anayejua wimbo wa tatu. Yule aliyeletwa na wamisionari na yule aliyewatangulia wako tena katika kijiji kimoja, kama walivyokuwa Mlalo katika mwaka 1891, na safari hii hapana anayewakataza kukutana.

Linalotakiwa si kubwa. TaSUBa na vyuo vya ualimu vyaweza kumtuma mwanafunzi akae msimu mzima kwa mjuzi wa kijijini, na neno la mjuzi huyo likahesabiwa katika mtihani wake. Halmashauri yaweza kumlipa bibi yule kwa saa anazofundisha, kama inavyomlipa fundi anayeezeka paa la darasa. Mabingwa 13 wa Paris walipewa mamlaka ya kusema nani afundishe na nani asifundishe kwa sababu moja tu: walikuwa wanajua. Usambara nako wapo wanaojua. Wakati watoto wamekwisha kujipanga uwanjani na wimbo wa pili unakaribia kwisha, aitwe.